Shamba Liwe Safi

Viwavi wa hariri wakila, chumba kizima kinanyesha. Ingia umefumba macho, utatafuta mwavuli. Ni midomo midogo tu inayotafuna majani ya mforosadi, lakini ikiwa mingi namna ile unasikia mvua ya masika juu ya migomba, na mfugaji anayeisikia mvua hiyo analala usingizi wa tajiri.

Asubuhi ya siku ya wageni niliwawekea majani mabichi, mvua ikaanza, nikaenda kuoga. Nikajisugua shingo vizuri kwa ajili ya mgeni rasmi. Niliporudi na shati langu la pasi, mvua imekatika. Nikadhani ni maji masikioni. Nikatikisa kichwa. Kimya. Nikasogelea kichanja cha kwanza. Viwavi wanene kama vidole vya mtoto, waliobakiza siku chache tu waanze kusuka vifukofuko vyao, walikuwa wanatikisa vichwa kama watu wanaokataa jambo, wanatapika maji ya kijani, kisha wananyooka. Kichanja cha pili hivyo hivyo. Cha mwisho hivyo hivyo. Na hawakuwa wangu peke yangu. Chumba changu ndicho kilichobeba viwavi wa kikundi kizima.

Nje spika inapiga muziki, pilau inanukia kwa wenye pua. Bwana Shamba akaingia mbele ya msafara. Akaona. Akalivuta sweta lake chini kama askari anayekaguliwa, akageukia mlangoni kupokea watu.

"Mbona hawali?" akauliza mgeni rasmi, mtu mnene, mpole, mwenye viatu vya kung'aa visivyojua mlima.

"Wamelala, Mheshimiwa," akasema Bwana Shamba. "Kiwavi kabla ya kusuka hupumzika. Ni hatua."

"Ahaa," akanong'ona Mheshimiwa. Alinong'ona, nakuapia! Akaweka kidole mdomoni, akawageukia watu wake. "Tusiwaamshe."

Basi msafara mzima, na mpiga picha wao, na mama wa itifaki mwenye viatu virefu, ukatoka chumbani kwangu kwa kunyata. Mtu akakimbizwa kuzima muziki. Wapiga ngoma waliokuwa wanasubiri zamu yao wakaambiwa wapige polepole, na mimi nimezaliwa mkoa huu, sijawahi kusikia ngoma ya Kiha ikipigwa kwa kunong'ona. Nikabaki katikati ya chumba na maiti wangu, naogopa kupiga chafya.

Mpaka leo huko mlimani wanasema niliwaua mimi. Wanasema ni mikono yangu, ina dagaa.

Mimi si mtu wa kuhurumiwa ovyo. Nilikuwa mvuvi Mwamgongo. Mtumbwi wetu ulipopinduka, wenzangu wawili hawakurudi. Mimi nilirudi nimekumbatia dumu la mawese, nimekunywa ziwa hadi pua ikafa. Tangu siku hiyo sinusi kitu. Maharage yanaweza kuungua mbele yangu nikiwa nasimulia habari nyingine kabisa. Nikaapa sitakula tena riziki inayoelea, nikapanda kwa wakwe zangu karibu na Kalinzi, nikaomba kipande cha ardhi. Mradi wa hariri ulipokuja nikasema hapa sasa ndipo, mti haupinduki. Ziwa Tanganyika na kina chake lilishindwa kunimaliza. Walioniweza ni wadudu wasiofikia punje ya ulezi, na watu watatu.

Wawili nitawataja haraka kwa sababu hawana cha kusimuliwa. Wa kwanza ni Mratibu wa mradi, aliyeishi ndani ya gari. Akifika kwetu aliteremsha kioo kwanza, kisha sauti, na mara chache sana mguu. Wa pili ni Gervasi, mwenyekiti wa kikundi chetu, mtu aliyeweza kufungua kikao kwa sala na kukifunga kwa kuuliza kama kuna nyama.

Wa tatu ni Bwana Shamba. Huyu sitamwacha upesi, maana nilimpenda.

Jina lake halikuwahi kutumika. Hata mkewe, alipokuja kumtembelea kutoka Njombe, alimwita Bwana Shamba mbele za watu, na nadhani hata wakiwa wenyewe. Aliletwa kwetu na serikali kama wanavyoletwa walimu na mahakimu, akafika na sanduku, godoro na sweta la kijivu. Kule kwetu mlimani asubuhi kuna baridi, sweta halikushangaza. Lakini aliposhuka Kigoma mjini mchana, jua linapika lami, alishuka nalo. Wapanda bodaboda walimpigia kelele, "Mzee, mvua ya mawe inakuja wapi?" Akawajibu kwamba baridi ya Njombe imeingia mifupani, inatoka kidogo kidogo, haiwezi kuharakishwa.

Shingoni alining'iniza lenzi kwa uzi wa viatu. Akifika kwako hakuanza na wewe. Salamu yako ya "mwakeye" ilibaki hewani, yeye ameshageuza jani, jicho limeingia kwenye lenzi, makalio yameinuka kama ya mtu anayesali vibaya.

"Hamjambo," analiambia jani. "Na bibi yenu? Na wajukuu wote hawa? Haya, watu wa uzazi."

Mke wangu alikuwa hachoki kumchokoza. "Bwana Shamba, na sisi wenye nyumba je?"

"Ninyi nawaona mmesimama, mama. Anayeumwa ni mti."

Mambo ya wadudu wanaonyonya nimeyajua kwake. Mdudu anayetafuna, alisema, ni mwizi mjinga, anaacha tundu, hata kipofu atalipapasa. Anayenyonya haachi tundu. Anachomeka mrija wake chini ya jani, anakunywa maji ya mti, na wewe juu unalisifu jani kwa kung'aa. Unakuja kushtuka limejikunja kama sikio la mbwa mgonjwa, linanata, masizi meusi yameota juu yake, na kiwavi akiletewa jani hilo analigeuzia mgongo. Tulikuwa nao wa aina tatu. Nzi weupe, wanaoruka kama majivu ukitikisa tawi. Vidukari. Na wale wenye vumbi jeupe wanaojibana kwenye macho ya matawi kama mtu aliyemwaga unga, ndiyo maana kwetu tuliwaita unga tu. Hawa wa tatu ndio waliotumaliza.

"Mkiona sisimizi wanaupanda mti kwa foleni," alitufundisha, "msifikiri wanakwenda misa. Wanakwenda kukamua. Huu unga ni ng'ombe wao. Unatoa utamu nyuma, sisimizi wanaulamba, na adui wa unga akija wanamfukuza kama wachungaji wanavyofukuza fisi."

"Kwa hiyo tumwue nani," Gervasi akauliza, "ng'ombe au mchungaji?"

"Mzuie mchungaji asipande. Ng'ombe wataliwa wenyewe."

Akatuagiza tufunge kila shina kitambaa, tukipake kitu cha kunata. Sisi watu wa Kigoma, kitu cha mafuta kikitajwa, mkono unakwenda kwenye mawese bila kuuliza kichwa. Tukapaka mawese. Mawese mazuri, mekundu, ya mke wangu ya kuungia. Sisimizi wakakwama kweli, tukashangilia. Mchana mbuzi wa jirani wakasikia harufu, wakaja kulamba. Walilamba mawese, wakalamba kitambaa, na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshafika pale, wakaendelea na gamba la mti. Bwana Shamba alipofika akakuta miforosadi imevuliwa soksi.

Sikuwahi kumwona akicheka namna ile. Alikaa chini kwenye majani, lenzi inarukaruka kifuani, machozi yanaingia kwenye sweta. "Njombe," alisema akipata pumzi, "Njombe hatuna shida hii." Siku iliyofuata alikuja na kopo la grisi nyeusi iliyokwisha kazi, kaomba kwa fundi pikipiki, akapaka mashina yetu yote kwa mkono wake mwenyewe. Grisi hiyo mbuzi hawakuitaka.

Alikuwa hivyo. Hakuona haya kushika kitu kichafu. Aibu yake ilikuwa mahali pengine, nitafika.

Kidudu alichokipenda kuliko vyote ni kile chekundu chenye madoa meusi, cha mviringo kama nusu ya harage. Aliwaita "askari wangu," maana ndio wanaokula vidukari na unga. Siku moja alitoka nao bonde la pili, amewabeba ndani ya kiberiti, kapanda nao bodaboda njia nzima kashikilia kiberiti kifuani kama mtu aliyebeba pete ya harusi. Akakiweka juu ya jiwe ili anawe mikono. Gervasi akafika, ana sigara kavu mdomoni.

Sote tuliona. Hakuna aliyewahi kumzuia. Gervasi akafungua kiberiti, askari wakamtoka usoni wote kwa pamoja, mmoja akatua kwenye sigara.

"Umefungua kambi!" Bwana Shamba akapiga kelele, mikono ina povu. "Mwenyekiti, umefungua kambi!"

"Mimi nilitaka moto tu," Gervasi akasema, naye anajipapasa nyusi.

Basi wale askari walikaa humo humo shambani, na mwaka ule miti iliyokuwa karibu na lile jiwe haikuwa na unga. Kwa hiyo hata Gervasi aliwahi kuusaidia mradi, mara moja, bila kukusudia.

Mafundisho yake ya asubuhi yalikuwa ya dhahabu. Msibane miti, hewa ipite katikati. Yurea kidogo tu, kiganja kimoja, na samadi ifanye kazi iliyobaki, maana mti ukilishwa yurea nyingi majani yanakuwa laini na matamu, mwenye mrija anafurahi. Muhogo usiwe katikati ya miforosadi, nzi weupe wanahamia kutoka mmoja kwenda mwingine. Mkipogoa, matawi yenye unga chomeni au fukieni, msiyatupe kwenye mpaka wa jirani. Na dawa ya bomba, kamwe. "Sumu inamwua askari kwanza, halafu unga unarudi bila mlinzi. Na kiwavi wako akila jani lililopuliziwa, hasubiri jioni." Aliyasema haya mara nyingi, sote tuliyajua kama Baba Yetu.

Kwenye muhogo ndipo nilipoanza kuiona ile kasoro yake. Alisimama uwanjani kwangu akanihubiria niung'oe muhogo wote, nikaung'oa. Wiki ile ile akafika saa ya kula, kama kawaida yake, maana ukaguzi wake ulikuwa unajua saa ya ugali kuliko sisi. Mke wangu akamletea ugali wa mahindi na samaki wetu wa ziwani, mgebuka. Akaugusa ugali, akauangalia, akanawa tena kana kwamba kosa liko mkononi.

"Mama, ule wa muhogo umekwisha?"

"Tuliung'oa, Bwana Shamba."

"Wote?"

"Ulisema wote."

Akala, amehuzunika kweli. Alipomaliza akasema, "Huko mbali, kwenye mpaka, upande upepo unakoelekea ukitoka huku, ungebaki kidogo isingekuwa vibaya." Tukacheka. Lakini nilikumbuka baadaye. Mtu yule alijua sawasawa na alitaka sawasawa, ila kati ya kujua na kutaka palikuwa na kitu kinakatika.

Kilichokuwa kinakatika ni simu.

Simu yake ililia kwa wimbo wa kwaya, na ikilia, kama anayepiga ni mkubwa, alisimama. Sisemi kwa mfano, alisimama kwa miguu. Yuko katikati ya tonge, anasimama. Yuko chooni kwa jirani, tulisikia mlango wa bati ukigongwa na kichwa. Siku moja niko nyuma yake kwenye bodaboda tunapandisha Kalinzi, kwaya ikaanza mfukoni. Akampiga dereva bega, pikipiki ikasimama kwenye kona mbaya, lori linakuja, yeye akashuka, akabana visigino, akaunyoosha mkono ubavuni. "Ndiyo, bosi. Ndiyo. Sawa, bosi. Itakuwa hivyo." Lori likampigia honi. Akalipigia saluti.

"Alikuwa anakuona?" dereva akamwuliza.

"Nani?"

"Huyo bosi. Uliposimama."

Bwana Shamba akapanda pikipiki.

Basi kila alichotufundisha asubuhi, simu ilikuja kukitengua mchana. Mratibu alitaka picha. Picha zilikuwa zinakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa, na wakubwa, alisema, hawataki kuona udongo kati ya miti. Basi shamba darasa, lile la kikundi lililoko kando ya barabara, likajazwa miti mingine katikati ya ile ya kwanza mpaka ukipita unapasua shati. Kisha likaja lori la yurea. Bwana Shamba aliisimamia imwagwe, si kiganja, ni makopo. Majani yakatoka mapana kama sahani za harusi, kijani kile cha kutisha. Mratibu akateremsha mguu kwa mara ya kwanza, akapigwa picha ameshika jani moja kafunika uso wake wote. Ndiyo picha yake nzuri kuliko zote.

Na Bwana Shamba, gari lilipoondoka, aligeuza jani lile lile, akaweka lenzi. "Hamjambo," akasema, bila furaha. "Karibuni. Chakula kipo."

Ukafika wakati wa kutupongeza wanakikundi kwa palizi. Mratibu akaagiza zawadi iwe ya kitaalamu, si sufuria. Ikaamuliwa kila mwanakikundi apewe fungu la pingili za kupanda kutoka shamba darasa, zimefungwa utepe mwekundu. Sasa shamba darasa lilikuwa ndiyo makao makuu ya unga. Na mtu aliyetufundisha kwamba pingili inaoshwa kwa maji ya sabuni ya mawese, inageuzwa, inachunguzwa kila jicho, ndiye aliyesimama mbele akitugawia mmoja mmoja. Hazikuoshwa. Utepe ungelowa.

Na sisi? Kwetu mtu akikupa kitu hukigeuzigeuzi mbele yake kama mnunuzi wa mbuzi. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakwenda nacho hadi ndani, kinalala ndani, kesho ndiyo unakitazama. Kesho yake nilitazama, nikaona weupe kwenye macho ya pingili. Nikamwambia mke wangu ni vumbi la barabarani. Yeye akasema zawadi ya Bwana Shamba haiwezi kuwa na kitu, yeye si ndiye mwenye lenzi? Tukapanda. Kilima kizima kilipanda. Hakuna mahali pengine duniani ambapo wadudu waligawiwa nyumba kwa nyumba na utepe, wakapigiwa makofi.

Msimu uliofuata miti yangu ya nyumbani ilikuwa inanata kama kijiko cha asali na imejaa masizi kama sufuria. Viwavi walikuwa chumbani, wana njaa, nami nikabaki na shamba darasa peke yake pa kuchuma, ambako yurea ilikuwa bado inalazimisha majani yatoke haraka kuliko unga ulivyoweza kuyanyonya. Kila mtu alijua ninachuma pale. Gervasi alijua. Bwana Shamba ndiye aliyeniambia nichume pale.

Mkesha wa wageni sikumwona. Alfajiri nilishuka shamba darasa, nikakuta majani yana maji, nikasema umande. Ningekuwa na pua ningesema kingine. Nikachuma furushi kubwa, nikaliweka kichwani, na kwenye njia ya kupandia nikakutana na Bwana Shamba anashuka, sweta limelowa mgongoni.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

Akaliangalia furushi, akaniangalia mimi.

"Marahaba," akasema. "Umewahi leo."

Akapita. Mengine nimeshasimulia, mvua ilivyokatika na watu walivyonyata.

Jioni wageni wameondoka, mke wangu, aliyekuwa kwenye masufuria ya pilau tangu usiku, akaingia chumbani akaokota jani lililobaki, akalinusa, akalitupa. "Hii ni dawa ya bomba." Akaenda kwa Gervasi na jani. Gervasi akasema wanawake wana pua nyingi. Kikao kilipokaa, akasimama akasema kwa masikitiko kwamba viwavi wa hariri ni viumbe wa usafi na kwamba mwenzetu, bila ubaya, ametoka ziwani, na mikono iliyoshika dagaa maisha yote huwezi kuiosha ikaisha. Watu wakaitazama mikono yangu. Mimi mwenyewe nikaitazama. Bwana Shamba alikuwa amekaa mbele, anasugua lenzi kwa pindo la sweta, anasugua, anasugua, lenzi ingeweza kutoboka. Nikatolewa kwenye kikundi. Muda si mrefu akahamishwa kwenda mjini, mradi ukafa, miforosadi ikang'olewa ikawa kuni. Dagaa zangu zikabaki.

Miaka imepita. Mwaka huu nilishuka mjini kumwona binti wa dada yangu aliyeolewa Buzebazeba. Natembea kwenye kichochoro, nikaona juu ya ukuta wa tofali tawi la mforosadi, limezaa, na watoto wamening'inia chini yake, midomo imekuwa ya zambarau kama wamekunywa wino. Nikachungulia getini. Jua lile la saa nane, sweta la kijivu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marah..." Akaniona vizuri. "Mtu wa ziwa! Karibu, karibu ndani, kaa. Watoto, leteni kiti! Mama hajambo? Viwavi hawajambo?"

"Bado wamelala."

Lenzi ikagonga kifungo cha sweta. Hakucheka, na mimi sikucheka, ingawa mahali pengine lingekuwa la kuchekesha.

Ili asiniangalie akaniinua kwenda kuuona mti. Mti mmoja, umepogolewa vizuri, shina lina mkanda wa grisi nyeusi. Akanipa lenzi, kitu ambacho hakuwahi kunipa. Nikageuza jani. Unga ulikuwepo, kidogo, na juu yake askari mmoja mwekundu amekaa anakula taratibu kama mtu aliyepata pensheni.

"Siupi yurea," akasema. "Siupulizii. Nachoma matawi. Unga haumaliziki kabisa, ila hausumbui."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua tangu chuo."

"Nani alikutuma upulize mkesha ule?"

Akakaa. "Mratibu alipiga simu. Akasema kesho shamba liwe safi. Nikamwuliza, bosi, safi kwa jembe, au safi kwa bomba? Akasema, 'Bwana Shamba, safi ni safi.' Akakata."

"Ulikuwa umesimama?"

"Nilikuwa nimesimama."

"Ungekaa."

Akalipokea hilo. "Nilimwambia Gervasi majani yasichumwe wiki mbili," akasema. "Jioni ile ile. Nikamwambia awatangazie watu."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa. Akauliza kama mchele umefika."

Watoto walikuwa wanagombania tunda moja juu ya vichwa vyetu. Nikamwuliza nililotoka nalo mlimani, nililokaa nalo miaka yote hii kama mwiba wa samaki kooni. "Gervasi tumwache. Mimi na wewe tulikutana njiani. Nina furushi kichwani."

Akafungua mdomo. Naapa alikuwa anataka kusema. Kisha kwaya ikalia mfukoni mwake, na Bwana Shamba, mstaafu, asiye na bosi duniani, akasimama wima, visigino pamoja, mkono ubavuni. "Ndiyo. Ndiyo. Sawa." Alikuwa binti yake, anauliza kama amenunua mkaa. Alipomaliza kuongea hakukaa tena. Alibaki amesimama anautazama mti, mimi nikaaga, nikaondoka.

Sasa nasema wazi. Mratibu nimesikia yuko mkoa mwingine, ana mradi wa nyuki, na Mungu awasimamie nyuki hao. Aje atuambie safi ni nini. Gervasi ni mjumbe wetu sasa, tunapigiwa mhuri naye. Asimame kwenye kikao kile kile alichosimama akaitaja mikono yangu, aseme alikuwa ameambiwa. Hawa wawili najua watakachojibu, watajibu uongo, nao nautaka hadharani.

Lakini wewe, Bwana Shamba, uliyekula kwangu, uliyepaka grisi miti yangu kwa mkono wako, panda mlima uje. Bodaboda zipo. Njoo na sweta lako, usimame pale njiani tulipokutana, mbele ya watu wanaosema nina mikono ya dagaa. Mimi nitapita na furushi, nitakuamkia kama siku ile. Na wewe, kabla hujaniitikia marahaba, uniambie mbele yao nilichobeba.